Tiketi ya "London Terminals" kutoka Brighton inaishia wapi?

Swali: Habari za kazi, kaka. Nakaa Brighton. Jumamosi shangazi anaingia London kwa treni ya Eurostar kutoka Paris, nami nakwenda kumpokea St Pancras. Nimeshakata tiketi ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, Off-Peak Day Return, yaani ya nje ya saa za msongamano. Imeandikwa "London Terminals", na kwenye njia "Any Permitted". Treni ya Thameslink inafika St Pancras bila kubadilisha, lakini jirani ananiambia nitapigwa faini. Kweli? Na je, tunaweza kurudi kupitia Victoria?

Jibu: Nzuri, dada. Jirani yako anasema kweli, na wanaonaswa hapo ni wengi.

"London Terminals" ni kundi la stesheni za katikati ya jiji. St Pancras imo, Euston imo, Paddington nayo imo. Ila kundi hilo husomwa pamoja na mahali safari ilipoanzia. Anayetoka Leicester, kaskazini mwa London, tiketi yake ya London Terminals inamshusha St Pancras. Wewe unayetoka kusini, yako inakufikisha Victoria, London Bridge, Blackfriars na City Thameslink. Farringdon na St Pancras zinazofuata, treni inaendelea hadi huko lakini tiketi imeshakwisha.

Na "Any Permitted" isikudanganye. Maana yake ni njia yoyote *iliyoruhusiwa*. Zinazoruhusiwa zimo kwenye mwongozo wa njia wa reli za Uingereza: treni ya moja kwa moja, njia fupi kuliko zote, au zile zilizochorwa kwenye ramani za mwongozo. Utasema, "Mbona treni yangu ni ya moja kwa moja?" Ndiyo, lakini ruhusa hiyo ni ya kufika pale tiketi inapoishia, haikuvushi mbele yake. Ukikutwa St Pancras na tiketi hiyo, faini ni pauni 100 pamoja na nauli ya safari. Ukilipa ndani ya siku 21, zile 100 zinakuwa 50.

Ufanyeje basi? Kama bado hujaitumia, uliza kama inabadilishika uchukue inayofika St Pancras. Usipoibadilisha, shuka City Thameslink, toka getini kwa tiketi yako, kisha gusa kadi yako ya benki kwenye geti uingie tena na upande treni inayofuata kwenda St Pancras. Kwenye kipande hicho cha reli treni hufuatana kwa dakika chache tu, hutachelewa. Usilopaswa kufanya ni kubaki kitini ukitegemea kugusa kadi St Pancras wakati wa kutoka: mashine haina kumbukumbu ya ulipoingilia, nawe utakuwa umesafiri kipande hicho bila nauli. Njia nyingine ni kushuka London Bridge na kuchukua treni ya chini ya ardhi, laini ya Northern inayopitia Bank, hadi King's Cross St Pancras. Binafsi ningechukua ile ya City Thameslink, ngazi ni chache.

Kurudi kupitia Victoria hakuna tatizo, kwa kuwa yako ni "Any Permitted". Ingekuwa "Thameslink Only", Victoria isingewezekana, maana Thameslink haifiki huko. Kutoka St Pancras chukueni laini ya Victoria, vituo vitano. Hiyo nauli haimo kwenye tiketi yako: tiketi inayojumuisha kuvuka London kwa treni ya chini huwa na alama ndogo ya msalaba, na yako haina haja nayo kwa kuwa safari yake inaishia London. Kila mtu aguse kadi yake. Kadi moja haivushi wawili.

Sasa tiketi ya shangazi, ambayo hukuuliza. Mkipanda Victoria, anatosha na ya London Terminals hadi Brighton. Mkiamua kupanda Thameslink palepale St Pancras, kwenye majukwaa A na B chini ya stesheni, yake ianzie St Pancras, na wewe uongezee nauli ya kutoka hapo hadi City Thameslink kwa utaratibu uleule wa kushuka na kugusa.

Eurostar ikichelewa hadi usiku wa manane usihangaike. Tiketi ya siku kwa reli za huko haifi saa sita usiku. Inadumu hadi saa 10:29 alfajiri ya kesho yake.