NP (nurse practitioner, muuguzi wa ngazi ya juu anayetibu wagonjwa) katika idara ya dharura Texas: mipaka iko wapi

Dada, umeuliza kama ukihitimu NP hapo Texas utawahudumia wagonjwa wa dharura mwenyewe. Kuchukua historia, kuagiza eksirei, kushona jeraha, kupasua jipu, yote unaweza, ila hospitali iwe imekupa kibali cha maandishi kwa kazi hizo. Leseni peke yake haitoshi.

Kwenye dawa usikurupuke. Texas inadai mkataba wa maandishi na daktari kabla hujaandika dawa. Dawa zinazodhibitiwa za kundi la II, kama mofini, unaruhusiwa kumwandikia mgonjwa wa dharura hospitalini, lakini zitolewe na famasi ya hospitali hiyohiyo. Ukimpa cheti cha dawa aende nacho duka la dawa la mtaani, umevunja sheria.

Kuna pia EMTALA, sheria ya Marekani yote tangu 1986 inayoitaka hospitali imchunguze na kumtuliza kila anayefika idara ya dharura. Uchunguzi wa kwanza unaweza kuufanya wewe iwapo kanuni za hospitali zimewataja NP. Kumhamisha mgonjwa ambaye hali yake haijatulia ni jambo jingine: zungumza na daktari kwanza, akikubali unasaini hati, kisha naye aisaini baadaye. Saini hiyo ya pili usiiache ipotee.

Halafu chagua kozi ya NP kwa makini, nakusihi. Ile ya wagonjwa mahututi watu wazima haikuruhusu kumtibu mtoto wa miaka 4 aliyeletwa usiku akihema kwa pumu. Ya familia inahusu umri wote, na ukishaipata unaweza kuongeza cheti cha ENP, yaani NP wa dharura.