Magunia 14 yalipelea ghalani, mimi nikaropoka

Hii kitu nimekaa nayo muda mrefu, leo naiandika maana msimu wa korosho ukifika huku Mtwara maghala yanajaa, vijana wanachukuliwa kazi fasta fasta, na haiishi kusikika kwamba mahali fulani mzigo umepelea.

Mimi nilikuwa karani wa ghala, la nani sitaji. Asubuhi moja tunahesabu, leja inasema hivi na magunia chini yanasema vingine, yamepungua 14. Gunia la korosho ghafi ni kama kilo 80, piga hesabu mwenyewe, ni tani moja na ushee.

Bosi akaleta mpelelezi kutoka Dar, siyo polisi, mzee mpole kabisa. Nilijiandaa kufokewa, kumbe huyu anakuuliza swali, unajibu, halafu ananyamaza, anakutazama tu huku anapangusa vumbi la magunia kwenye mkono wa shati. Sasa mimi ukimya siuwezi (mama yangu anajua), nikaanza kuongezea. "Labda mlinzi wa usiku, maana siku hizi kanunua bodaboda." Wallahi sikuwahi kumwona mlinzi akifanya lolote, nilichokuwa nakijua ni bodaboda tu.

Kwa hiyo na wewe ukihojiwa kazini, cha kwanza, jibu ulichokiona kwa macho yako basi. Akikuuliza unamhisi nani, mwambie sijui. Hujui ni hujui, siyo kosa. Kama ni tarehe au idadi huna uhakika nayo, omba uletewe leja utazame kwanza, usikisie, maana ukikosea leo kesho ukarekebisha unaonekana umebadilisha maneno. Akinyamaza na wewe nyamaza, kunywa maji.

La pili ni saini, na hapa ndo nilijikaanga. Saa nane mchana, joto, njaa, akanisogezea karatasi nikasaini bila kusoma. Baadaye naambiwa nimeandikwa "anamshuku mlinzi kwa wizi", neno wizi mimi sikulitamka kabisa! Soma mstari kwa mstari, pasipo sawa kata, andika sahihi yake na uweke saini pembeni, halafu omba kopi.

Kuna wanaosema usijibu chochote. Kwa mpelelezi wa kampuni mimi siungi mkono, ukigoma moja kwa moja unajitafutia lingine la utovu wa nidhamu. Ila muulize mapema yeye ni nani, maana polisi ni habari nyingine, ukiwa chini ya ulinzi hulazimiki kujibu zaidi ya jina na anwani, na una haki ya kumwita wakili, ndugu au rafiki. Na kama kazini wanakuita kwenye kikao cha nidhamu, kanuni za mwaka 2007 zinataka upewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usipungue saa 48, na unaruhusiwa kwenda na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama cha wafanyakazi. Ukifukuzwa na unaona umeonewa, nenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi) ndani ya siku 30, usikae nyumbani ukingoja bosi apoe hasira.

Na lile grupu la WhatsApp la kazini, achana nalo siku hizo. Hata utani.

Mlinzi alisimamishwa wiki tatu. Halafu kuna siku tunatafuta leja ya zamani kwa shida nyingine kabisa, ikadondoka karatasi ya kutolea mzigo, magunia 14, yalipakiwa jioni moja mvua ikitishia, gari likaondoka haraka na hakuna aliyeingiza kwenye leja mpya. Chini kabisa kuna saini ya karani aliyetoa mzigo. Saini yangu.

Niliipeleka kwa bosi mwenyewe, mkono unatetemeka. Mlinzi akarudishwa, nikamfuata mpaka kwake Chikongola kumuomba radhi, akanikaribisha mkekani, mkewe akaleta chai. Tukikutana sokoni ananisalimia vizuri tu, ila simu yangu hapokei.