Vituko vya nyumbani na wema wa watu nisiowajua

Ndugu yangu, umeuliza kama tuko wengine tunaofurahia vitu vidogo hadi tunasita kuvisimulia: mtoto kucheka, au mtu usiyemjua kukushikia mlango. Mimi nipo, na sisiti kabisa. Kwangu hivyo ndivyo vinavyofanya wiki ipitike.

Nianze na nyumbani. Mtoto wetu alipofika miezi minne hivi, umri ambao watoto wengi huwa wameanza kucheka kwa sauti, tulimtafuta kicheko kwa kila mbinu. Tulimtekenya, tukajificha nyuma ya shuka na kuibuka, tukamwigizia sauti za wanyama. Yeye akitutazama tu kama hakimu. Siku moja babu yake, mzee ambaye mzaha na yeye ni mbalimbali, akapiga chafya. Mtoto akaangua kicheko! Babu akashtuka, akatutazama mmoja mmoja, kisha taratibu akapiga chafya nyingine, ya kuigiza. Kicheko tena. Ikawa ndiyo kazi ya jioni nzima, mzee anapiga chafya hadi sauti inamkauka, na bibi anafuta machozi huku akisema, "Miaka yote hii sikujua kama una kipaji." Sasa mtoto ni wa shule, na akinuna bado anapigiwa chafya.

Ukimsimulia mtu ambaye hakuwepo, pengine atatabasamu tu kwa adabu, na kuna sababu. Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza kicheko kwa miaka mingi, alisikiliza mazungumzo ya watu wa kawaida akaona kwamba vicheko vingi havitokani na utani wowote. Vinafuata maneno ya kila siku tu. Aliona pia kuwa watu hucheka takriban mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao. Basi hatukuwa tunaichekea chafya. Tulikuwa tunachekeana.

Ama wema wa watu baki, kuna kijana mmoja simsahau. Nilimpeleka mama hospitalini, macho yake yakiwa yamepungua nguvu, na foleni iliitwa kwa namba kwenye ubao ulioning'inizwa mbali. Nililazimika kumwacha kidogo nikashughulikie karatasi dirisha jingine. Niliporudi nikakuta kijana aliyekaa mbele yake anageuka kila namba inapobadilika, anamwinulia vidole karibu na uso: bado saba, bado sita. Hakuna aliyemwomba. Zamu yake ikafika, akaingia, akatoka, na badala ya kwenda zake akarudi kwenye kile kiti. "Bado watatu, mama." Mama alipoitwa, akamsindikiza hadi mlangoni, ndipo akaondoka. Jina lake hatulijui, lakini mama humtaja katika dua zake kama "yule wa vidole."

Kinachonigusa ni kwamba yule kijana hajui. Nadhani akiulizwa leo atasema hakufanya kitu. Mwaka 2022, watafiti wawili wa tabia za watu, Amit Kumar na Nicholas Epley, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili hasa. Katika jaribio mojawapo, watu waliokuwa kwenye uwanja wa kuteleza kwenye barafu huko Chicago walimpa mtu mwingine kikombe cha chokoleti ya moto. Watoaji walikisia furaha ya mpokeaji kuwa ndogo kuliko alivyoihisi mwenyewe. Mtoaji anapima kikombe, mpokeaji anapima kukumbukwa. Naona hapo ndipo wema mwingi unapofia, mtu anajiambia "hiki ni kidogo mno," anapita.

Kwa hiyo siku hizi nasema. Nikiona baba anamsuka bintiye nywele kituoni kwa subira, namwambia ni kazi nzuri. Wengine huitikia kwa kichwa tu, na hilo halinisumbui.

Juzi dereva wa basi alimsubiri bibi mmoja aliyekuwa anakuja polepole na fimbo yake, huku abiria wengine wakiguna. Nilikuwa kiti cha mbele, nikamwambia, "Ahsante kwa kumsubiri bibi yetu." Akanitazama kwenye kioo, kisha akapaza sauti basi zima lisikie: "Jamani, mmesikia? Leo nimeshukuriwa!" Hata waliokuwa wakiguna walicheka, na bibi mwenyewe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anakaa, akajibu kutoka nyuma, "Na mimi nakushukuru, endesha sasa tumechelewa!"