Maswali ya Ujenzi: Rangi ya nje msimu wa baridi

Nyumba yangu iko Njombe. Fundi alipiga rangi ya maji nje mwezi wa sita. Wiki mbili hazijaisha, ukuta wa mbele una michirizi ya kahawia inayonata, na ule wa kusini ukiupapasa unabaki na unga kiganjani. Je, tumeuziwa rangi feki?

Kabla ya kumrudia mwenye duka, tazama saa ambazo fundi alifanya kazi. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

Michirizi imeletwa na umande. Ndani ya rangi ya maji mna viungo vinavyofanana na sabuni. Umande ukiishukia rangi ambayo haijakauka sawasawa, huvivuta viungo hivyo hadi juu ya ukuta. Osha kwa maji safi na sponji laini, bila kusugua kwa nguvu. Huenda ikarudi mara moja au mbili, kisha ikakoma. Usiifunike kwa rangi nyingine kabla ya kuiosha.

Unga ni kazi zaidi. Rangi ya maji haikauki kwa kupoteza maji tu. Chembe za gundi yake hulazimika kushikana ziwe utando mmoja. Ukuta ukiwa chini ya nyuzi 10 hivi, rangi nyingi za kawaida hushindwa kufanya hivyo: maji yanaondoka, chembe zinabaki zimetengana. Na mwezi wa sita jua letu hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kusini unashinda kivulini kutwa nzima. Mchana unaweza kuvua sweta huku ukuta huo bado wa baridi. Pima ukuta wenyewe, si hewa.

Subiri Septemba au Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Piga brashi ngumu kuondoa unga, osha, acha ukauke, paka praima (rangi ya msingi) ya kushika unga, halafu rangi mikono miwili, yaani mara mbili.

Kama ni lazima upake sasa, anza saa nne umande ukiisha, na uweke brashi chini saa nane mchana ili rangi ipate saa nne za kukauka kabla jua halijazama. Fuata jua: mashariki, kaskazini, magharibi. Kusini uuache. Siku ya ukungu usifungue ndoo. Plasta mpya nayo ipewe siku 28 bila kupungua, na kwenye baridi zaidi ya hapo. Ili kuijaribu, bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe kingo zake zote kwa utepe wa gundi, ukiache usiku kucha. Kikitoa jasho kwa ndani, ukuta bado una maji.

Ninahitaji rangi kiasi gani? Kuta zina mzunguko wa mita 40 na kimo cha mita 3. Fundi anasema ndoo moja inatosha akiongeza maji.

Mita za mraba 120, toa madirisha na milango 20, zinabaki 100. Kwenye plasta yenye ukwaruzo kidogo hesabu mita za mraba 8 kwa lita: lita 12.5 kwa mkono mmoja, 25 kwa miwili. Nunua ndoo ya lita 20 na magaloni mawili ya lita 4. Maji ya kuongeza hayazidi kipimo kilichoandikwa kwenye ndoo. Kwenye baridi kila tone la ziada linaongeza muda wa kukauka, na muda ndio usio nao.

Geti letu la chuma, Limuru, lilipakwa rangi ya mafuta jioni. Asubuhi mng'ao ulikuwa umepotea, likawa na weupe kama limepumuliwa. Je, petroli ingesaidia likauke haraka?

Hapana. Petroli inapokauka haraka huzidi kuupoza uso wa chuma, na unyevu wa hewani hutua papo hapo. Tena ni hatari ya moto. Usiku chuma hupoa kuliko hewa inayolizunguka, ndiyo maana geti hulowa mapema kuliko ukuta. Kanuni ya mafundi wa chuma ni kwamba uso uwe na angalau nyuzi 3 juu ya joto ambalo umande huanza kutua.

Acha rangi ikauke kabisa hadi ukucha usiache alama, jambo linaloweza kuchukua siku kadhaa. Piga msasa namba 240, futa vumbi kwa kitambaa kilicholowa thina kidogo, kisha rudia mkono mmoja mwembamba kabla ya saa saba mchana, jua likiwa linaliwakia.