Kamera naiona nikiwa nyumbani tu, nikitoka haionekani. Ninunue IP ya kudumu?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Nipo Goba, Dar es Salaam. Nimenunua kamera mbili za Wi-Fi, moja ya barazani na nyingine ya getini. Ruta yangu ni ya 4G, inatumia laini ya simu. Fundi alikuja akafunga, akaniandikia namba mbili za kuandika kwenye simu, 192.168.1.20 na 192.168.1.21. Nikiwa nyumbani naona vizuri, nikifika kazini Posta sioni kitu. Fundi anasema ameshafungua poti kwenye ruta, na kama bado haionyeshi ninunue IP ya kudumu kwa kampuni ya simu. Kamera ya getini yenyewe mara ipo hewani, mara haipo. Na tangu zifungwe, bando la GB 50 lililokuwa linanitosha mwezi mzima linakata ndani ya siku chache. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri dada, pole kwa usumbufu. Usinunue hiyo IP, yaani anwani ya kudumu ya intaneti, na hiyo poti iliyofunguliwa ifungwe. Kuona kamera ukiwa kazini kuna njia rahisi na salama zaidi. Ila katika yote uliyoandika, lililonishtua ni bando. Nitalifikia.

Namba zinazoanza na 192.168 ni za ndani ya nyumba tu. Ruta inazigawa kwa simu, televisheni na kamera, na majirani zako wanatumia hizo hizo kwenye ruta zao bila kuingiliana, kwa kuwa hazitoki nje. Ukiwa Posta ukaandika 192.168.1.20, simu inaitafuta kamera kwenye mtandao wa ofisini kwenu na haiikuti.

Kufungua poti ni kuiagiza ruta kwamba ombi likija kutoka nje kwa namba fulani, lipelekwe moja kwa moja kwenye kamera. Hilo linawezekana iwapo ruta ina anwani inayofikika kutoka intaneti, na ruta za laini kwa kawaida hazina. Kampuni za simu zina wateja wengi kuliko anwani za IPv4 (zile za intaneti zenye mafungu manne ya namba) walizonazo, kwa hiyo wateja wengi wanawekwa nyuma ya anwani moja ya pamoja. Mwaka 2012 likatengwa hata fungu maalumu la namba kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Hakiki mwenyewe: ingia kwenye ukurasa wa ruta kwa anwani iliyobandikwa chini yake, tafuta palipoandikwa WAN IP, yaani anwani ya ruta kwa upande wa nje. Ukikuta namba inayoanza na 10, au iliyo kati ya 100.64 na 100.127, au kati ya 172.16 na 172.31, basi uko nyuma ya anwani ya pamoja. Fundi amefungua mlango wa chumbani wakati geti la nje linashikwa na kampuni ya simu.

Ndiyo maana anakwambia ulipie IP. Ukiilipia, kweli utaiona kamera kutoka Posta, lakini na dunia nzima itaiona. Kuna programu zinazopita anwani za intaneti moja baada ya nyingine usiku na mchana, zikitafuta vifaa vilivyo wazi. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera, rekoda na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu majina na maneno ya siri ya kiwandani, yaani admin na wenzake. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa inaelekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, na huduma kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Wenye kamera hawakujua lolote. Na usidhani neno la siri gumu linatosha: Septemba 2021 ilitangazwa kasoro katika kamera nyingi za Hikvision iliyomwezesha mtu kuitawala kamera bila kuulizwa neno la siri kabisa, mradi tu aifikie kwenye mtandao. Kampuni ilitoa marekebisho, lakini kamera haijirekebishi kama hakuna aliyeingia kuisasisha. Kamera ambayo haifikiki kutoka nje ilikuwa salama hata kabla ya marekebisho hayo. Kwa hiyo kukaa kwako nyuma ya anwani ya pamoja ni kinga, usiitoe kwa pesa yako mwenyewe.

Sasa bando. Kamera inapotuma picha kwenye simu yako ukiwa ndani ya nyumba, au inaporekodi kwenye memori kadi yake, haitumii hata MB moja ya bando, maana picha haijapita kwenye laini. Wewe ukiwa nje huoni kitu. Sasa GB 50 zinakwenda wapi? Kamera zako zinatuma kitu nje, na kitu kinachokula namna hiyo kwa kawaida ni video. Piga hesabu: mkondo wa megabiti 1 kwa sekunde, ambao ni wa wastani tu, ukitumwa mfululizo unakula GB 10.8 kwa siku. Kamera mbili, GB 21.6. GB 50 zinamalizika siku ya tatu.

Nionavyo mimi, huyo fundi alipofunga alitumia programu ya simu ya kamera hizo, na huduma ya kurekodi kwenye seva (kompyuta za mbali) za kampuni ya kamera ikawashwa, pengine ile ya majaribio ya bure inayojitokeza wakati wa kusajili. Swali ni moja: kamera zimesajiliwa kwa akaunti ya nani? Kama hukuwahi kuweka namba yako ya simu wala barua pepe, basi zimo kwenye simu ya fundi. Sisemi ana nia mbaya. Mafundi wengi hufanya hivyo kwa haraka ya kazi, wakamaliza wakaondoka. Lakini kwa mfumo wa kamera, aliyesajili ndiye mwenye mali. Anaweza kuona baraza lako saa yoyote, kusikia mnayozungumza kama kamera ina maiki, na kumruhusu mwingine atazame. Akiibiwa simu, aliyeiiba naye anaweza kufika hapo kwako.

Kwa hiyo leo hii mpigie, kwa upole, umwombe aziondoe kamera zote mbili kwenye akaunti yake. Ni muhimu afanye yeye, kwa sababu kamera nyingi za sasa zinabaki zimefungwa kwa akaunti ya kwanza hata ukizirudisha hali ya kiwandani kwa kubonyeza kile kitufe kidogo cha RESET. Akishaondoa, ndipo ubonyeze RESET, upakue programu hiyo kwenye simu yako, ufungue akaunti kwa namba yako, uskani msimbo wa QR ulio kwenye mwili wa kamera. Weka neno la siri refu ambalo hulitumii kwingine, na washa uthibitisho wa hatua mbili. Mumeo au watoto wakitaka kuona, usiwape neno la siri. Programu hizi zina sehemu ya kushiriki kifaa: kila mtu anaingia kwa akaunti yake, na unaweza kumwondoa mmoja bila kuwasumbua wengine. Msimbo wa QR upige picha uihifadhi, halafu usiuache wazi mahali anapofika kila mgeni.

Hapo utakuwa umepata ulichotaka. Kwa njia ya programu, kamera yenyewe ndiyo inayopiga simu kwenda kwenye seva ya kampuni yake, na simu yako nayo inapiga kwenda huko huko, kisha zinaunganishwa. Zote mbili zinatoka nje, hakuna anayeingia, ndiyo maana anwani ya pamoja haizuii na poti haihitajiki. Ingia kwenye ruta, futa ile poti, na ukiona UPnP imewashwa izime, kwa sababu hiyo ndiyo inayoruhusu kifaa kujifungulia poti bila kukuuliza. Usipoiamini seva ya kampuni ya watu, na hilo nalielewa, iko njia ya kuweka kompyuta ndogo nyumbani yenye VPN (njia ya faragha ya kuunganisha simu yako na mtandao wa nyumbani) kama Tailscale, ambayo nayo inapenya anwani ya pamoja kwa mtindo huo huo. Inahitaji mtu wa kuitunza, kwa hali yako nisingeanza nayo.

Kurekodi kufanyike nyumbani. Zima kurekodi kwenye seva, weka memori kadi ndani ya kila kamera, uifomati ikiwa ndani ya kamera, kwa menyu ya kamera, na si kwa kuichomeka kwenye simu. Kadi ya GB 128 kwa mkondo ule wa megabiti 1 inabeba kama siku 11, kisha inaanza kufuta za zamani. Nunua zile zilizoandikwa High Endurance, maana kadi ya kawaida haikutengenezwa kuandikwa usiku na mchana. Kwenye mipangilio ya video palipo na namna ya kubana video, chagua H.265 badala ya H.264 kama ipo, inapunguza ukubwa bila kuharibu picha. Na ukiwa Posta tazama kwa ubora mdogo, mara nyingi huandikwa SD: mkondo wa kilobiti 256 unakula kama MB 115 kwa saa, wakati wa HD wa megabiti 2 unakula MB 900. Kumbuka pia unalipa mara mbili, bando la nyumbani linapotuma na bando la simu yako linapopokea.

Kadi ina udhaifu mmoja, mwizi akiing'oa kamera anaondoka na ushahidi. Kamera ya getini ndiyo iliyo hatarini zaidi. Ukipata nafasi, nunua rekoda ndogo ya NVR uifiche ndani ya nyumba. Kabla ya kuilipia, hakikisha kamera zako zinakubali ONVIF, mfumo wa pamoja ulioanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony ili vifaa vya kampuni tofauti vielewane. Diski ya TB 1 itakubebea kamera hizo mbili zaidi ya siku 40.

Kamera ya getini kupotea hewani naona ni umbali na kuta. Kamera nyingi za bei ya kawaida zinashika masafa ya GHz 2.4 peke yake, wala haziioni GHz 5. Kama ruta yako ina yote mawili kwa jina moja, yatenganishe yawe na majina mawili, na kamera uziweke kwenye ya 2.4. Chaneli chagua 1, 6 au 11. Kisha simama getini na simu, tazama nguvu ya mawimbi kwa programu yoyote ya kupima Wi-Fi: ikisoma -60 hivi ni safi, ikishuka kupita -75 usitegemee video. Ukuta wa tofali za saruji unakula mawimbi, na geti la chuma ndiyo kabisa.

Dawa ya kudumu ni waya, endapo kamera ina tundu la waya wa mtandao. Hadi mita 100 unafika bila shida, na kamera ya PoE inapata umeme kwenye waya huo huo. Ila kwenye ununuzi wa waya kuwa mkali. Madukani zimejaa waya za alumini zilizopakwa shaba juu, zimeandikwa CCA au hazijaandikwa kabisa. Kwarua uzi mmoja kwa wembe: ukigeuka mweupe ndani, urudishe. Unaopita juani uwe wenye ganda jeusi la nje, na kabla haujaingia kwenye kamera uachie kitanzi kuelekea chini ili maji ya mvua yadondokee hapo.

Umeme ukikatika na ruta ikazima, kamera ni pambo. Tafuta UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12, lakini usidanganywe na namba ya boksi. Yenye mAh 8800 imepimwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, ni kama wati-saa (Wh) 32. Ruta na kamera mbili zikila wati 15 kwa pamoja, unapata saa mbili, pungufu kidogo. Hakiki pia volti ya kila adapta kabla ya kuchomeka, kwa sababu baadhi ya kamera ni za volti 5 na ukiipa 12 umeiua.

Mambo mawili ya mwisho. Saa ya kamera iwe UTC+3. Video ikienda polisi, 20:15 ya kwenye picha ndiyo saa mbili na robo usiku, na ikitofautiana na maelezo yako utapata kazi ya kueleza. La pili, geuza kamera ya getini isitazame uani kwa jirani, au tumia kipengele cha kufunika sehemu ya picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na sura ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Dada wa kazi naye aambiwe kamera ziko wapi, na chumbani kwake zisiwepo.

Anza na simu ya fundi. Ukimaliza, ziache kamera siku mbili bila kuzitazama ukiwa nje na uangalie salio la bando asubuhi na jioni. Likiendelea kuporomoka, niandikie modeli ya kamera pamoja na orodha ya vifaa inayoonekana kwenye ukurasa wa ruta, tutajua ni kifaa gani kinachokula.