Mkianza majaribio, msibadilishe vitu viwili kwa mpigo

Nyie mnaoanza maabara saivi, kuna kitu natamani ningeambiwa mapema: jaribio halifanywi ili uonekane ulikuwa sahihi. Mimi mwaka mzima nilidhani kazi ni kupata lile jibu la kwenye notsi, ikitoka tofauti narudia mpaka itoke ninavyotaka, kumbe hapo nilikuwa sijajaribu kitu, nilikuwa nakopi tu kwa njia ndefu. Unajaribu ili wazo lako lipate nafasi ya kuanguka. Kama hakuna matokeo yoyote yatakayokufanya useme "aa, kumbe nimekosea", basi hayo ni maonyesho.

Pendulamu, yaani mzigo unaobembea kwenye uzi, ndo ilinifundisha adabu. Swali lilikuwa je, uzito unabadilisha muda wa kwenda na kurudi? Nikafunga nati moja kwenye uzi wa sentimita 25, nikahesabu mizunguko 10, ikaja sekunde 10. Nikaongeza nati mbili, nikazining'iniza moja chini ya nyingine kama mnyororo, ikaja 10.6. Nikafurahi balaa, nikaandika "uzito unaongeza muda". Mwalimu hakubisha, akanipa rula akasema pima tena urefu, ila safari hii pima mpaka katikati ya mzigo wote. Nikakuta 28 na kitu! Yaani nilidhani nimeongeza uzito peke yake, kumbe nimeongeza na urefu bila kujua, na mwenye kesi ni urefu. Nikazikusanya nati zote tatu kwenye fundo moja, katikati ikabaki palepale 25, muda ukarudi sekunde 10 kama mwanzo.

(Na msipime mzunguko mmoja. Kidole kinachelewa kama sehemu mbili za kumi za sekunde kubonyeza saa, kwenye sekunde 1 hilo ni kosa kubwa, kwenye sekunde 10 linamezwa.)

Sasa majina yake msiyaogope. Kigeu huru ni kile unachokibadilisha wewe kwa makusudi, hapa uzito. Kigeu tegemezi ndo unachopima, hapa muda. Halafu kuna vya kudhibiti, vile ambavyo lazima vitulie, urefu, ukubwa wa pembe unayoachia, mtu anayeshika saa. Watu wanakariri viwili vya kwanza kwa ajili ya mtihani, hivi vya mwisho wanavipita haraka, na hapo ndo majaribio mengi yanakufa. Mimi siku hizi kabla sijagusa kifaa naandika kwanza vyote vinavyoweza kubadilika, hata vya kijinga, afu najiuliza kila kimoja nitakituliza vipi.

Siyo mambo ya darasani tu. Mwaka 1747 James Lind, daktari wa meli ya kivita ya Uingereza, alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye (ugonjwa wa kutokwa damu kwenye fizi kwa kukosa vitamini C), akachagua wanaofanana hali, akawalaza sehemu moja na kuwapa chakula cha aina moja, akawagawa wawiliwawili, kila jozi na dawa yake, siki, maji ya bahari, na kadhalika. Waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu haraka kuliko wote. Angewapa wote kila kitu kwa pamoja wangepona pia, ila asingejua kilichowaponya ni kipi. Ingawa watu wawili kwa kila dawa ni wachache mno, mimi ningemgomea kidogo hapo.

Jingine, andika unachotegemea KABLA ya kupima, kwa peni, siyo penseli, maana ukishaona namba akili inajifanya ilijua tangu mwanzo. Na ukipata namba moja iko mbali na wenzake usiifute, izungushie duara andika pembeni kilichotokea, labda uzi uligusa meza, labda mtu alikusemesha ukakosea kuhesabu. Ukikosa sababu, iache hapohapo urudie kupima mara tatu nne.