Seva Inapiga Mluzi, Mtoto Halali

*Fundi, shikamoo. Mimi nachora ramani za nyumba, na kazi naifanyia nyumbani, chumba cha mbele. Nilinunua seva ya mtumba, yaani kompyuta ya kutunzia mafaili ya watu wengi, ile bapa ya kuingiza kwenye raki (fremu ya chuma ya kupangia mashine), kutoka ofisi iliyokuwa inahama. Natunzia michoro yangu na ya wenzangu watatu. Nikiiwasha inapiga mluzi hadi mwanangu wa miezi saba, aliyelala chumba cha pili, anaamka. Seremala anataka kunitengenezea kabati la kufunga kabisa, ndani tubandike sponji ya godoro. Nimpe kazi?*
*Mama Mdogo, Tabata, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Kazi mpe, lakini si hiyo.

Sponji ya godoro hushika moto upesi, na moshi wake ni sumu. Hilo peke yake lingetosha. Lakini hata isipowaka, kumbuka kwamba umeme wote inaokula seva hugeuka joto. Kama yako inakula wati 200, ni sawasawa na kuwasha balbu mbili za kizamani za wati 100 ndani ya sanduku lililofungwa, usiku na mchana. Mimi kosa hili nililifanya nyumbani kwangu, mwezi wa Januari. Kabati la mninga, sponji pande zote, mlango umebana sawasawa. Nusu saa ya kwanza kimya kabisa, nikafurahi. Baada ya saa mbili feni zikaanza kupanda, zikalia kuliko zilivyokuwa zikilia nje. Nilipofungua mlango, hewa iliyonipiga usoni ilikuwa kama nimeinamia tanuri la mikate. Wiki ileile diski moja ikafa, na humo zilikuwemo picha za harusi ya mdogo wangu. Hatujazipata mpaka leo. Ndiyo maana nakukataza kwa nguvu hivi.

Sasa huo mluzi. Seva bapa ya U moja (U ni kipimo cha nafasi kwenye raki) ina unene wa milimita 44 na kidogo, kwa hiyo feni kubwa haiingii. Wanaweka feni ndogo za milimita 40, na ili zisukume hewa ya kutosha huzungushwa hata mara 10,000 kwa dakika na zaidi. Feni ya milimita 120 inasukuma hewa nyingi ikizunguka chini ya mara 1,000, nawe utasikia mvumo tu. Ukipunguza mwendo wa feni kwa nusu, kelele hushuka takriban desibeli 15 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukizima feni moja kati ya mbili zinazofanana, unapunguza desibeli 3 tu. Kwa hiyo shughulika na mwendo, idadi iache.

Usije ukakimbilia Kariakoo kununua feni ndogo za kimya ubadilishie. Seva nyingi hupima mwendo wa kila feni. Zikiona mmoja uko chini ya kiwango, zinadhani feni hiyo imekufa, na zilizobaki zinapandishwa hadi mwisho. Utakuwa umenunua kelele mpya.

Una stoo? Nyumba nyingi za Tabata nilizofanyia kazi zina stoo pembeni ya jiko. Ihamishie huko. Waya wa mtandao unakwenda hadi mita 100 bila taabu, na wewe huhitaji hata 15. Hapo ndipo seremala apate kazi yake: atengeneze mlango wa stoo wenye vibao vya mshazari sehemu ya chini, hewa ya baridi iingilie hapo, na juu karibu na dari atoboe tundu la feni moja ya milimita 120 ya kutoa joto nje. Raki yenyewe iwe wazi. Nafasi zilizobaki tupu upande wa mbele zizibe kwa vibao, la sivyo hewa ya moto ya nyuma inazunguka na kuvutwa tena mbele. Mwite na fundi umeme afunge waya wa erthi kwenye chuma cha raki.

Kama stoo haipo, seva iuze. Nasema hivyo nikijua umeinunua kwa jasho. Michoro ya watu wanne haihitaji mashine ya ofisi nzima; kompyuta ya kawaida yenye feni kubwa na diski mbili inatosha. Na wati 200 mfululizo ni uniti 144 kwa mwezi, wakati kompyuta ya kawaida ikila wati 40 haifiki uniti 30. Nakala nyingine ya michoro iweke nje ya nyumba hiyo, vyovyote utakavyoamua.

Mtoto akilala, weka kiganja kwenye ukuta unaotenganisha vyumba. Ukihisi ukuta unatetemeka, basi wenyewe ndio unaolia, hasa ukiwa wa jipsamu au plaiwudi, ambao hupokea mtetemo kama ngozi ya ngoma. Nenda kwa washona katambuga, wakukatie vipande vinne vya tairi vyenye unene wa kidole, uweke chini ya miguu ya raki, kisha uisogeze isiguse ukuta. Mteja wangu wa Mbagala alikuwa amelalamikia mvumo mwezi mzima; vipande hivyo viliumaliza jioni moja.

*Fundi, UPS yangu, kile kifaa cha betri cha kushikilia mashine umeme ukikatika, ilikuwa inashika dakika ishirini, sasa hazifiki tano, na haijatimiza miaka miwili. Nimeiweka juu ya raki. Nimeuziwa betri feki?*
*Msomaji, Tanga*

Huenda si feki, ndugu yangu. Joto hupanda, nawe umeiweka kileleni. Betri ya risasi, yaani ya madini ya risasi kama ya gari, hupenda nyuzi 20 hadi 25. Kwa kila nyuzi 10 zinazozidi hapo, umri wake hupungua karibu nusu. Badilisha betri, halafu iteremshe UPS chini kabisa ya raki. Ni nzito, kwa hiyo raki nayo itasimama vizuri zaidi.